Mguu Unaochechemea: Historia ya Farasi na Punda Kuzunguka Mlima Meru

Ndugu mkulima, leo tuzungumze juu ya mnyama ambaye mwendo wake haulingani. Kwa maneno ya nyumbani ni mnyama anayechechemea, anayekwenda chopi, au yule ambaye hachechemei waziwazi lakini hatua zake hazifanani: upande mmoja hatua ndefu, upande wa pili hatua fupi. Wenzetu wa nchi za baridi wameandika sana juu ya jambo hili kwa ajili ya farasi wa kupanda. Sisi wa Arusha na Meru farasi kwetu ni wachache. Mnyama wetu wa mgongo ni punda. Lakini farasi na punda ni ndugu, miguu yao imejengwa kwa namna moja, na kinachomchechemesha mmoja humchechemesha na mwingine.

Iko methali isemayo shukrani ya punda ni mateke. Tena wako watu wasemao punda ni mvivu, punda ni mkaidi, dawa yake ni fimbo. Historia inatufundisha neno jingine. Mnyama anayekataa kwenda sawa, mara nyingi ana mahali panapouma, na mahali hapo panaweza kutafutwa kwa macho na kwa mkono. Tena mara nyingi mahali hapo tumepaumiza sisi wenyewe kwa mzigo, kwa tandiko, au kwa kuziacha kwato bila kuzitazama. Na mnyama akishindwa, mzigo haupotei. Unahamia kichwani mwa mtu. Hilo ndilo tunalotaka kulionyesha leo, tangu zama za kale mpaka hapa Kijenge.

ASILI YA MNYAMA WETU

Watu wengi hudhani punda aliletwa kwetu na wageni. Sivyo. Punda ni mnyama wa Afrika. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2022, uliolinganisha punda wa nchi nyingi za dunia, ulionyesha kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza upande huu wa mashariki ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kutoka huku akaenea mpaka Arabuni, Ulaya na Asia. Farasi yeye alifugwa mbali, kwenye mbuga za baridi za huko Urusi, akaingia Afrika baadaye sana.

Sasa sikiliza hili. Huko Misri, mahali panapoitwa Abydos, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa karibu na jengo la mazishi la mfalme, yapata miaka 5,000 iliyopita. Kumzika punda karibu na mfalme si jambo dogo. Maana yake watu wale walimthamini. Mwaka 2008 wataalamu, akiwemo mama Fiona Marshall wa Marekani, walitoa taarifa ya uchunguzi wa mifupa hiyo. Waliona kwamba punda wale walitunzwa vizuri. Hata hivyo pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimegandamizwa, na viungo vya mabega na nyonga vilikuwa vimelika. Wataalamu wakasema hizo ni alama za kubeba mizigo mizito.

Kumbe basi, tangu mwanadamu alipoanza kumtwika punda, mzigo umekuwa ukiandika habari zake kwenye mifupa. Punda hana mdomo wa kusema, lakini mfupa wake umesema baada ya miaka 5,000. Tena tuangalie vizuri: punda wale walikuwa na chakula na matunzo. Kulisha peke yake hakukutosha kuokoa viungo vyao.

WATU WALIVYOJIFUNZA KUUTAZAMA MGUU

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Ugiriki, aliishi askari mmoja aitwaye Xenophon. Huyu aliandika kitabu juu ya farasi. Alipofika kwenye habari za kununua farasi, alimwambia mnunuzi aanze chini, kwenye miguu, na kwanza kabisa kwenye kwato. Alifananisha jambo hili na nyumba: hata ikiwa na kuta nzuri, nyumba yenye msingi mbovu haina faida. Alishauri pia mahali pa kusimamia farasi pawekwe mawe ya mviringo ili kwato zikomae. Hakuwa na darubini wala dawa za kisasa. Alikuwa na macho, na aliyatumia.

Kwa nini kwato zina uzito namna hiyo? Ng'ombe anasimama juu ya vidole viwili kwa kila mguu. Farasi na punda wanasimama juu ya kidole kimoja tu. Ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Ndani yake mna mfupa, mna nyama laini yenye damu na hisia nyingi. Na katika uzito wote wa mnyama, kama sehemu 6 katika kila 10 zinabebwa na miguu ya mbele. Fikiri wewe mwenyewe umebeba debe la maji huku umesimama juu ya kucha. Changarawe moja ikiingia, utatembeaje?

Mwaka 1761 mfalme wa Ufaransa alitoa kibali cha kuanzisha shule ya madaktari wa mifugo katika mji wa Lyon. Aliyeiongoza ni Claude Bourgelat, mtu aliyejua sana mambo ya farasi na mwendo wao. Shule ile ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Ulaya, na sababu moja kubwa ya kuianzisha ilikuwa sotoka, ugonjwa uliokuwa unamaliza ng'ombe. Kutoka hapo elimu ya mguu ikaanza kufundishwa darasani, badala ya kubaki siri ya mhunzi na fundi wa viatu vya farasi.

Lakini macho ya mwanadamu yana mwisho. Mnyama akienda mbio, miguu inapita upesi kuliko jicho. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa mstari, akampitisha farasi mbele yake. Picha zile zilionyesha jambo ambalo watu walikuwa wakibishania: farasi akiwa mbioni, iko nukta ambayo miguu yote minne haigusi ardhi. Wachoraji waliokuwa wakichora farasi wa mbio kwa miaka mingi walikuwa wamekosea. Funzo kwetu ni hili: ukitaka kuujua mguu, usimtazame mnyama akikimbia. Mtazame akienda polepole na kwa kurudiarudia.

FARASI ALIVYOKUJA MERU NA ALIVYOSHINDWA

Turudi sasa mlimani kwetu. Wamasai walikuwa na punda muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Boma lilipohama, punda ndiye aliyebeba ngozi, vibuyu na vyombo vya nyumbani, na kazi ya kumtwika ilikuwa mikononi mwa akina mama. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilinunua punda wa Kimasai kwa ajili ya mizigo. Huko Unguja matajiri walikuwa na punda weupe wa Maskati, wakubwa, wa kupanda. Mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka ilipofyeka ng'ombe wa Umasaini, punda hawakuguswa, kwa sababu sotoka hushika wanyama wenye kwato zilizopasuka, na ukwato wa punda ni mmoja mzima.

Farasi walikuja kwa wingi zaidi na wageni. Kuanzia mwaka 1904 familia za Makaburu kutoka Afrika Kusini ziliingia katika nchi hii iliyokuwa chini ya Wajerumani, zikapewa ardhi kuzunguka mlima Meru. Walikuja na magari ya kukokotwa na maksai na farasi wao. Kisha ikaja vita vya kwanza vya dunia. Mwezi wa Machi mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliuchukua mji wa Arusha. Mwanzo wa Aprili Jenerali Jaap van Deventer aliondoka Arusha na kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini, akaelekea Lolkisale, kisha Kondoa Irangi. Masika ilikuwa imeanza. Kondoa waliiteka mwezi huohuo wa Aprili, lakini njia nzima ilikuwa imejaa farasi waliokufa, mamia kwa mamia, na wale waliobaki walikuwa wamechoka kabisa.

Kilichowaua ni nini? Siyo risasi. Cha kwanza ni ugonjwa wa farasi, ule unaoletwa na visubi, vijidudu vidogo vinavyouma jioni na usiku wakati wa mvua. Mwaka 1944 mtafiti mmoja wa Afrika Kusini, du Toit, alionyesha kwamba visubi ndivyo wabebaji wa ugonjwa huo. Cha pili ni nagana, ugonjwa wa mbung'o, ambao vijidudu vyake viligunduliwa na David Bruce huko Zululand miaka ya 1894 na 1895. Cha tatu ni njaa, matope na kutembezwa bila kupumzika.

Na farasi walipokwisha, mizigo ya jeshi ilikwenda wapi? Ilihamia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Barabara haikupitika kwa magari, wanyama wamekufa, basi watu wakabebeshwa chakula na risasi katika mvua. Katika vita vile makumi ya maelfu ya wapagazi walipoteza maisha, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu. Ndugu mkulima, hapa ndipo historia ya mguu wa mnyama inapokutana na historia ya shingo ya mwanadamu.

Punda yeye alibaki. Ugonjwa wa farasi kwa kawaida hauna nguvu juu yake. Jua analistahimili, majani makavu anakula, maji kidogo yanamtosha. Ndiyo maana mpaka leo, ukizunguka mlima kutoka Oldonyo Sambu mpaka Kisongo, na ukishuka nyanda za chini, utamkuta punda amebeba maji, mahindi, kuni na majani. Lakini uvumilivu wake ndio unaotudanganya. Farasi akiumwa mguu huonyesha mapema. Punda huficha maumivu. Siku unapomwona anachechemea kabisa, ujue shida ilianza zamani.

SABABU ZINAZOSHIKIKA

Sasa tuzitaje sababu moja moja, tukianzia chini kama alivyofanya Xenophon.

Ya kwanza ni ukwato. Hapa ndipo pa kutafuta kabla ya pengine popote. Njia zetu za mlimani zina mawe ya volkano yenye ncha, na mijini ziko misumari na chupa. Jiwe likikaa kwenye uwazi wa unyayo, linachubua. Msumari ukichoma, usaha hujikusanya ndani, na kwa kuwa ukwato ni mgumu, usaha hauna pa kutokea. Mnyama aliyekuwa mzima jana, leo hataki kabisa kukanyaga. Ukishika ukwato utausikia una moto. Wakati wa masika, punda anayesimama kwenye matope na mavi, kwato zake hulainika, maana ukwato wa punda hunyonya maji zaidi kuliko wa farasi. Hapo unyayo huoza na kunuka. Na tusisahau kwato zilizoachwa zikakua. Ukwato hukua kama milimita 8 mpaka 10 kwa mwezi. Punda wa kutembea sana kwenye mawe huumaliza mwenyewe. Punda wa kufungwa nyumbani, ukwato unarefuka mbele kama kiatu cha ncha, kisigino kinalala, na kano za nyuma ya mguu zinavutwa kila hatua.

Ya pili ni mguu wenyewe: kano, mishipa, kifundo na goti. Kano huvimba mnyama anapoteleza kwenye mteremko akiwa na mzigo, au anapokanyaga shimo. Kamba nayo ina makosa yake. Punda aliyefungwa miguu ya mbele kwa kamba nyembamba asiende mbali, kamba humkata juu ya kifundo, jeraha linaingia ndani, na kovu lake linakaza mguu kwa maisha yote.

Ya tatu ni mgongo na tandiko. Watu wengi wanapoona mnyama anachechemea hutazama miguu tu. Lakini mgongo ukiuma, hatua hufupika. Tandiko la farasi likiwa jembamba upande mmoja, hubana bega la upande huo, na mguu wa mbele hautoki mbele sawasawa. Mpandaji anayekaa kombo, uzito wake ukilalia kulia kila siku, humfanya farasi naye aende kombo. Kwa punda wetu ni vivyo hivyo. Kamba iliyopita moja kwa moja juu ya uti wa mgongo, bila kitu kizito cha kulalia chini yake, inasaga ngozi mpaka nyama. Punda mwenye donda mgongoni hujikunja ili kukwepa mzigo, na kule kujikunja kunafanya mguu mmoja ubebe zaidi ya mwenzake. Baada ya miezi, mguu nao unaharibika.

Ya nne ni mzigo, wingi wake na mizani yake. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 mpaka 150 hivi. Wataalamu wengi hushauri punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 mpaka 50. Sasa tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu mawili ni kilo 40: hapo punda anaweza. Madumu manne ni kilo 80, na hapo tumekwisha mzidishia. Gunia la mahindi la kilo 100 si la punda mmoja, na lumbesa ndiyo usiseme. Tena mizani: dumu likivuja njiani, au upande mmoja ukiwa na kuni mbichi na wa pili kuni kavu, punda anakwenda safari nzima akiwa ameinama upande mmoja.

Ya tano ni umri. Mifupa ya punda haijakomaa kabla ya miaka mitatu au minne. Mtoto wa punda aliyetwikwa mapema, viungo vyake hupinda vingali laini, na hakuna dawa ya kuvinyoosha baadaye.

Ya sita ni mkokoteni. Nira ya maksai imetengenezwa kwa ajili ya nundu ya ng'ombe. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani na mabegani. Ukimvalisha nira ya maksai, mti unamsaga shingo na bega, naye anavuta kwa kukwepa. Punda anahitaji ukanda mpana wa kifuani, laini, usiobana koo. Hapa Arusha kiko kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini. Mwenye swali la mkokoteni na zana za wanyamakazi ana mahali pa kuuliza.

NAMNA YA KUTAZAMA

Tuseme umeteremka kutoka Moshono na punda wako, umefika Kijenge, na umeona leo hatua zake si za kawaida. Ufanye nini?

Mtue mzigo kwanza. Usimtazame akiwa ametwikwa. Tafuta mahali tambarare na pagumu, mbali na magari. Mwache asimame. Je, anaupumzisha mguu mmoja wa mbele, akiunyoosha mbele ya mwenzake? Mguu wa nyuma kuupumzisha ni jambo la kawaida, wanyama hubadilishana. Lakini mguu wa mbele unaopumzishwa muda mrefu ni dalili ya maumivu.

Kisha mwambie mwenzako amwongoze kwa kamba iliyolegea, aende mbele polepole, kisha mchakamchaka kidogo. Wewe simama utazame kichwa. Kama mguu wa mbele unauma, punda huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga, na hukishusha pale mguu mzima unapokanyaga. Watu wengi hukosea hapa. Huona kichwa kinashuka wakadhani mguu ule ndio mgonjwa. Kumbe kichwa hushukia mguu mzima. Kama tatizo liko nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga zote mbili. Ile inayopanda na kushuka zaidi ndiyo yenye mguu unaouma.

Na sikiliza pia. Mwendo wa mnyama mzima una mapigo yanayolingana, kama mchi kinuni. Mwendo wa mgonjwa una pigo moja jepesi.

Baada ya hapo inua ukwato, uondoe udongo, utazame kama pana jiwe, tundu, weusi au harufu. Shika kwa kiganja, linganisha moto wa ukwato huu na wa mguu mwingine. Panda polepole: kifundo, kano, goti, bega. Mwisho pitisha mkono mgongoni kutoka mabegani mpaka kiunoni, ukibonyeza kidogo. Akishtuka au akizama chini, hapo pana jambo. Naye akirusha teke unapopagusa mahali fulani, usimpige. Amekuonyesha panapouma.

NINI CHA KUFANYA

Jiwe litoe. Matope yaoshe, na mhamishie mnyama mahali pakavu. Kwato ndefu zipunguzwe kwa tupa na mtu anayejua, kila baada ya wiki 6 mpaka 10, kidogo kidogo. Ukikata nyingi kwa siku moja utafika penye nyama. Donda la mgongo lipumzishwe mpaka lipone kabisa. Hakuna dawa ya donda inayoshinda kamba inayolisaga kila asubuhi.

Kama pana tundu la msumari au usaha, mwite bwana mifugo au daktari wa mifugo. Usaha unatakiwa kutolewa kwa ufundi, na tundu kuwekwa safi. Hapa pana hatari moja ambayo lugha yetu yenyewe imeikumbuka. Ule ugonjwa wa kukaza misuli na taya, unaoingia kwa jeraha chafu, tunauita pepopunda. Farasi na punda ni wepesi sana kuupata, na tundu dogo la ukwato linatosha kuwa mlango wake. Chanjo ipo, muulize mtaalamu.

Jambo moja tuliache. Nalo ni kuchoma mguu kwa chuma cha moto. Siyo sisi tu tuliofanya hivyo. Ulaya nako walichoma kano za farasi kwa mamia ya miaka, wakiamini moto unaleta nguvu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kuchoma hakuponyeshi kano. Wale waliodhani wamepona kwa moto, walipona kwa sababu baada ya kuchomwa walipumzishwa. Basi tuchukue mapumziko, tuuache moto.

KWA NINI TUNASEMA HAYA

Mtu anaweza kuuliza: punda ni mnyama wa bei ndogo kuliko ng'ombe, kwa nini tupoteze muda? Bei hiyo nayo imebadilika. Biashara ya ngozi za punda kwenda nje ilipunguza punda katika nchi nyingi za Afrika, mpaka mwezi wa Februari mwaka 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Huko Lamu, ambako mitaa ni myembamba na punda ndiye gari, iko zahanati ya punda tangu mwaka 1987. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Vilevile tunacho chuo cha mifugo Tengeru, siyo mbali na sisi.

Lakini sababu kubwa ni ile ya mwaka 1916. Punda wa nyumbani akilala kwa mguu, maji bado yanatakiwa. Kuni bado zinatakiwa. Mahindi bado yanatakiwa kufika kwenye mashine ya kusaga. Nani atabeba? Atabeba mama, na mara nyingi binti wa shule atabaki nyumbani amsaidie. Ule mzigo wa kilo 80 tuliomtwika punda mara moja kwa pupa, utarudi nyumbani kwa safari nne za dumu moja moja juu ya kichwa. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya mguu unaochechemea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa punda uko chini, kwenye ukwato, na unazibwa kwa dakika chache. Kesho asubuhi, ndugu mkulima, kabla hujafunga kamba, inua mguu mmoja baada ya mwingine, yote minne, utazame chini yake. Kisha pima mzigo pande zote mbili. Halafu ndipo useme: haya, twende.